Neno "Tutaelewana" na Kazi za Mapatano



Katika mtaa mmoja wa hapa Mombasa kuna nyumba mbili zinazotumia ukuta mmoja. Kwa zaidi ya miaka kumi, kila ulipoingia mwezi wa Ramadhani, sahani ya futari ilitoka nyumba hii ikaingia nyumba ile, na siku ya pili ikarudi na kitu kingine ndani yake, kwani kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu. Ramadhani iliyopita sahani hiyo ilikatika katikati ya mwezi. Hapakuwa na mirathi iliyogombewa wala mpaka wa kiwanja uliovukwa. Palikuwa na kazi ya wiki tano na shilingi 30,000.

Wenyewe wameturuhusu tuyasimulie yaliyopita baina yao, mradi majina yao tuyasitiri. Tumeona tuyaandike katika safu hii ya wiki kwa sababu mambo kama haya tunaletewa mara kwa mara, na karibu kila mara yanaanza kwa neno lile lile.

Upande mmoja ni mama anayeuza mabuibui, madera na mitandio nyumbani kwake. Upande wa pili ni kijana wa jirani yake mwenye umri wa miaka 23, aliyejifunza kupiga picha na kutengeneza tovuti. Kijana huyu hajaajiriwa na mtu. Huchukua kazi kwa huyu, akaimaliza, akachukua nyingine kwa yule. Vijana wetu wengi siku hizi huishi hivyo: wachora nembo, wafasiri, wahariri wa video, waandishi wa hesabu za maduka. Wengine wateja wao wako Nairobi, wengine Dubai, na wengine hawajapata kuonana na mteja uso kwa uso. Watu huwaita wafanyakazi huru, na uhuru huo una gharama yake: hawana mshahara wa mwisho wa mwezi, hawana likizo ya malipo, na kazi moja ikiharibika huenda kodi ya nyumba ikakosekana.

Mwishoni mwa mwezi wa Rajab, mama alimwita kijana barazani akamwambia, "Mwanangu, nitengenezee hiyo tovuti, unipigie na picha za nguo, watu wa mbali wapate kuziona. Nataka iwe tayari kabla ya Ramadhani." Kijana akataja shilingi 30,000. Mama akajibu, "Haina neno. Mengine tutaelewana, wewe si mtu wa mbali." Kijana naye akasema, "Naam, mama, tutaelewana." Jioni ile ile alitumiwa shilingi 10,000 kwa M-Pesa, na kazi ikaanza.

Yaliyofuata msomaji aliyewahi kufanya kazi ya namna hii ataweza kuyakisia. Kijana alikuwa akifikiria nguo 40, kwa kuwa ndizo alizoziona zimetundikwa siku ile. Mama alikuwa akifikiria nguo zote, pamoja na zilizokuwa njiani, na jumla yake zikawa 96. Rangi za tovuti zilibadilishwa mara nne, maana mama alipenda zambarau, na binti yake aliyeolewa Dubai akapenda nyeusi na dhahabu. Jina la biashara likageuzwa baada ya nembo kwisha kuchorwa. Ujumbe wa sauti ulikuwa ukiingia saa nne na saa tano za usiku. Jina la tovuti na hifadhi yake ya mwaka kijana alivilipia kwa mfuko wake, shilingi 4,500, akiamini kwamba atarudishiwa. Mama hakujua hata kwamba vitu hivyo hulipiwa. Bei na vipimo vya nguo, ambavyo mama pekee ndiye angeweza kuvitoa, vilifika mwezi mosi Ramadhani. Tovuti ikafunguliwa mwezi 17, wakati wateja wa mbali walikuwa wamekwisha kuagiza nguo za Idi kwingine.

Mama akasema kwamba hatalipa zaidi ya zile 10,000, kwa kuwa kazi imemfikia baada ya faida yake kupita. Kijana akaifunga tovuti. Maneno yakatoka barazani yakaingia sokoni, hata mzazi wa kijana akasikia mwanawe akiitwa mwizi, na mama muuza mabuibui akasikia akiitwa dhalimu. Sahani ikabaki kabatini.

Tulipoombwa kuwasuluhisha, katika wiki ya pili ya Shawwal, jambo la kwanza tulilofanya ni kumpa kila mmoja karatasi na kalamu, na kumtaka aandike yale waliyokubaliana siku ya kwanza, bila kumtazama mwenziwe. Karatasi zilipowekwa pamoja, mambo mawili tu ndiyo yaliyolingana: shilingi 30,000, na "kabla ya Ramadhani". Hakuna aliyeandika uongo. Kila mmoja aliandika kwa uaminifu mkataba uliokuwa kichwani mwake, na tangu siku ya kwanza ilikuwa ni mikataba miwili.

Hapa ndipo tunapotaka kulitazama neno hili "tutaelewana". Sisi watu wa pwani tumelelewa kwa haya, na haya ni pambo jema. Kijana aliona kwamba akimuuliza mama mtu mzima idadi ya nguo, au akimtaka waandikiane, ataonekana anamtilia shaka. Mama naye aliona kwamba akimhoji mtoto aliyemwona akikua, ataonekana hamwamini. Wote wawili wakanyamaza kwa heshima, kisha kimya hicho kikazaa shutuma ambazo heshima haikuweza kuzivumilia. Kijana alitwambia hivi: "Niliona haya kusema mwanzo, nikaishia kusema vibaya mwisho."

Wako watakaosema kwamba kuandikiana ni desturi ya kigeni, iliyoletwa na maofisi. Basi na tukumbuke kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni. Aya hiyo inahimiza deni la muda maalumu liandikwe, pawe na mwandishi mwadilifu na mashahidi, wala watu wasione uzito kuandika, liwe dogo au kubwa. Kazi inayoanza leo na kulipwa mwezi ujao ni deni la pande mbili: huyu anadaiwa kazi, na yule anadaiwa fedha. Wanazuoni wa fiqhi nao, katika mlango wa ijara, wameshurutisha ujira ujulikane, na kazi yenyewe au muda wake ujulikane, ili pasiwe na utata wa kuwagombanisha watu. Kwa hiyo anayesema "tuandikiane" hamtukani mwenziwe. Anafuata mafundisho ambayo sote twayakubali.

Tena desturi hii tunayo majumbani mwetu, ila hatuitambui. Mtazameni mpishi wa biriani anapoitwa kwenye arusi. Hata akiwa ni ndugu wa bwana arusi, hakubali kazi kabla ya kuuliza: mchele kilo ngapi? Nyama ni ya ng'ombe, ya mbuzi au ni kuku? Viungo nani atakayenunua? Sufuria na kuni ni za nani? Wakata vitunguu watalipwa na nani? Chakula kipakuliwe saa ngapi? Hakuna mwenye arusi aliyewahi kuona ametukanwa kwa maswali hayo. Na akiarifiwa siku mbili kabla kwamba wageni wameongezeka, mpishi hasemi tutaelewana. Husema, "Basi ongezeni mchele kilo 20, na nyama yake, na mtu mmoja wa kunisaidia." Kila mtu huona ni haki. Ajabu ni kwamba kazi ikiwa ya kompyuta badala ya jiko, elimu hii yote twaisahau.

Lau mama na kijana wangaliulizana kama aulizavyo mpishi, ukurasa mmoja ungaliwatosha. Ukurasa huo ungalitaja kwanza idadi na mipaka: tovuti ya kurasa tano, nembo moja, nguo 40, picha moja kwa kila nguo, na nguo ya 41 ina bei yake, nayo ni kadhaa. Anayeandika mipaka hiyo hamfungii mteja mlango wa kuongeza. Anamwonesha tu kwamba mlango huo una ada.

Ungalitaja pia marekebisho. Hakuna kazi ya sanaa isiyorekebishwa, lakini marekebisho yasiyo na idadi hayana mwisho. Mara mbili huwa yatosha kwa kazi ndogo: mteja hutazama, hukusanya maoni yake yote kwa pamoja, huyaandika, fundi huyatimiza, kisha hutazama tena. La tatu hulipiwa. Na mwenye kusema rangi ipi itumike awe mtu mmoja. Binti wa Dubai ana haki ya kutoa maoni, lakini ayatoe kwa mamake, naye mama ndiye azungumze na fundi. Kazi yenye wasemaji wawili haina mwenyewe.

Kisha kuna jambo ambalo wateja wengi hawalifikirii, nalo ni kwamba mteja pia ana kazi ya kufanya. Bei, vipimo, majina ya vitambaa, na nguo zenyewe za kupigwa picha, vyote hivyo vina tarehe yake ya kukabidhiwa. Mteja akichelewa siku tano, siku ya kumaliza nayo husogea siku tano, na hilo liandikwe mapema ili lisije likawa udhuru wa kutungwa baadaye. Hata tarehe yenyewe isemwe kwa siku na mwezi. "Kabla ya Ramadhani" kwa kijana ilikuwa ni usiku wa kuandama mwezi, na kwa mama ilikuwa ni nusu ya Shaaban.

Gharama za nje nazo zitajwe kwa shilingi, na nani azilipe. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la mteja, na maneno ya siri akabidhiwe siku ya mwisho. Kuhusu umiliki wa kazi yenyewe, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inahesabu kwamba hakimiliki ya kazi iliyoagizwa humhamia aliyeiagiza, isipokuwa pale waliopatana wamekubaliana vingine. Kwa hiyo kijana anayetaka kuzionesha picha alizopiga kwa wateja wengine, aombe ruhusa hiyo na iandikwe. Mwisho, ukurasa useme kazi itahesabiwa kwisha lini. Mteja apewe, kwa mfano, siku tatu za kukagua. Zikipita bila neno, kazi imepokewa. Na ikiwa mmoja atataka kuacha njiani, kilichokwisha kufanywa kilipwe, na kilichokwisha kulipwa kifanywe.

Malipo tunapendekeza yagawanywe kwa hatua: theluthi mwanzo, theluthi mteja akiona kazi ya awali, na theluthi kazi inapokabidhiwa. Faida yake ni kwamba wakikosana, hakuna atakayepoteza zaidi ya hatua moja. Hapa pana tahadhari ya kisheria. Arbuni, yaani malipo ya awali ambayo mpokeaji huyala bure mteja akighairi, wanazuoni wengi hawaikubali, wakiwemo wa madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na wengi wetu hapa pwani, ingawa wale wa madhehebu ya Hanbal wameiruhusu. Njia ya salama ni kuandika kwamba fedha za mwanzo ni ujira wa hatua ya kwanza ya kazi, na kuitaja hatua hiyo ni ipi. Hapo fedha zina kazi iliyo mkabala nazo, na hakuna anayekula cha mwenziwe.

Ukurasa huo ukishatiwa saini, unahitaji kuangaliwa. Kila mwisho wa wiki fundi ampelekee mteja maneno machache: nimefanya hiki, kimebaki hiki, nakungoja wewe kwa hiki. Mistari mitatu tu. Mabadiliko yakizungumzwa kwa simu au barazani, mmoja ayaandike baadaye kwa ujumbe, na mwenziwe ajibu kwamba amekubali. Mteja naye ajue kwamba fundi ana saa zake za kulala, za ibada na za wazazi wake. Ujumbe wa saa tano usiku unaweza kungoja asubuhi, nao ukingoja mara nyingi huwa mfupi zaidi.

Zaidi ya yote, ucheleweshaji usemwe mapema. Tulipokuwa tumekaa nao, kijana alikiri jambo ambalo hakuwa amelisema: katika wiki ya tatu alipokea kazi ya mteja mwingine, akaiweka ya mama pembeni kwa siku sita. Hatumlaumu kwa kutafuta riziki, maana asiye na mshahara hulazimika kushika kamba mbili. Kosa lake ni kunyamaza. Lau angalisema siku ile, mama angalichagua kungoja, au kupunguza nguo, au kufungua tovuti ikiwa na nguo 20 za mwanzo. Habari mbaya ikija mapema humwachia mtu nafasi ya kuchagua. Ikija siku ya mwisho humwachia hasira tu.

Kwa upande wa mteja, wajibu mkubwa ni kulipa siku ile kazi inapopokewa. Sote tumefundishwa madrasa habari za jasho la mfanyakazi na ujira wake, na wengi wetu twamlipa kuli wa bandarini siku ile ile. Lakini kijana aliyekaa mbele ya kompyuta hatumwoni akitoka jasho, basi twamwambia aje wiki ijayo.

Ikiwa mambo yameharibika na sulhu imeshindikana, sheria ipo. Mapatano ya mdomo katika kazi kama hizi yanaweza kutambuliwa na mahakama zetu, lakini anayedai ndiye anayetakiwa kuthibitisha, na hapo ndipo ujumbe wa simu na wa M-Pesa unapokuwa ushahidi. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Mtu aweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60 tangu dai lilipowasilishwa. Twaitaja ili vijana wetu wajue kwamba hawako peke yao. Hata hivyo hukumu ya mahakama humrudishia mtu fedha zake. Jirani harudishwi na hakimu. Anzeni kwa wazee.

Mama na kijana walihesabu mbele yetu. Shilingi 4,500 za jina la tovuti na hifadhi yake mama alikubali kuzirudisha mara alipoelezwa ni za nini. Katika zile 20,000 zilizobaki, kijana aliacha 5,000 kwa ajili ya siku sita alizozificha na hasara iliyofuata. Nguo 56 zilizozidi hakuzidai, kwa kuwa alizipiga picha bila kutaja bei, na mtu hawezi kudai leo bei ambayo jana aliona haya kuitaja. Mama akatuma shilingi 19,500, kijana akaifungua tovuti na kumkabidhi maneno ya siri yote. Hatuwezi kusema kwamba waliondoka wakicheka. Waliondoka wakiwa wameamkiana, na kwa siku ile tuliona yatosha.

Kabla ya Idi ya Kuchinja mama alitaka nguo mpya ziongezwe kwenye tovuti. Alimwita kijana barazani pale pale. Safari hii kijana alikuja na karatasi moja. Mama akavaa miwani, akaisoma polepole, akauliza juu ya mstari wa tatu, akaukata kwa kalamu na kuandika tarehe nyingine, kisha wote wawili wakatia saini. Tumeelezwa kwamba jioni ile sahani ilitoka tena kabatini, na kwamba ndani yake mlikuwa na mahamri.

Wazee wetu walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Wasomaji wetu, wiki hii ikiwa kuna kazi mliyompa kijana wa jirani, au mliyoipokea kwa mama wa mtaani, na bado iko kwenye neno "tutaelewana", kaeni leo baada ya Isha muiandike. Na wazazi wenye watoto wanaofanya kazi hizi, wafundisheni kuuliza kwa adabu na kwa uwazi tangu mwanzo, kama mnavyowafundisha kuamkia wakubwa.

Mwenyezi Mungu azibariki riziki zetu na aulinde ujirani wetu. Wabillahi tawfiq.